Kwa nini ni 2,7,7 wala si 3,3,8: namna ya kuipa jina alkani yenye matawi

Swali kutoka kwa msomaji wa Nachingwea: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Tulipewa michoro mitatu ya alkani (molekuli za kaboni na haidrojeni tupu, zenye vifungo vya moja moja) zenye matawi tuipe majina. Mchoro wa kwanza ulikuwa CH3-CH(C2H5)-CH2-CH(CH3)-CH3. Niliuita 2-ethili-4-methilipentani, nikakosa. Wa pili ulikuwa CH3-CH(CH3)-CH2-CH2-CH2-CH2-C(CH3)2-CH2-CH3. Niliandika 3,3,8-trimethilinonani kwa sababu nimefundishwa kutafuta jumla ndogo ya namba, na 3 + 3 + 8 ni 14, lakini aliyepata ni jirani yangu wa dawati aliyeandika 2,7,7, ambayo jumla yake ni 16. Wa tatu una mnyororo wa kaboni tisa, kaboni ya tatu imebeba C2H5 na ya tano imebeba CH(CH3)-CH(CH3)-CH3. Huo niliuacha wazi, kwa kuwa sikujua tawi lenye matawi yake linaitwaje. Naomba unieleze kwa Kiswahili sababu za kanuni hizi, maana kuzikariri nimezikariri na bado ninakosa."

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeleta makosa yako kama yalivyo, pamoja na hesabu uliyoifanya, kwa sababu katika makosa hayo mawili na mchoro mmoja ulioachwa wazi yamo karibu mambo yote yanayowatatiza wanafunzi katika mada hii. Nitayachukua kwa mpangilio uleule ulioyaleta, lakini mchoro wa pili nitaukalia kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa kanuni ya jumla ndogo uliyofundishwa si kanuni, na ni haki yako kujua kwa nini imeonekana kuwa kweli muda wote huu.

Kwanza tukubaliane jina la kikemia lina kazi gani. Jina hilo ni maelekezo ya kuchora. Mtu aliye Newala, ambaye hajaiona michoro yako, akisomewa jina kwa simu anapaswa kuchora molekuli ileile uliyoiona wewe Nachingwea, wala si nyingine; na watu wawili wanaotazama mchoro mmoja, kila mmoja akiwa kwake, wanapaswa kufikia jina moja. Kila kanuni utakayoikuta katika mada hii iliwekwa ili kuziba mwanya mmoja ambamo watu wawili makini wangeweza kuachana njia. Ukikariri kanuni bila kuujua mwanya wake, utaitumia mahali isipohusika.

Huku kwetu kusini tumezungukwa na alkani, ila nyingi kati yake hazina shida ya majina. Gesi ya Songo Songo, kisiwani Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iliyogunduliwa mwaka 1982, karibu yote ni methani, yaani kaboni moja yenye haidrojeni nne, ambayo haina mahali pa kuotesha tawi. Ethani nayo ina umbo moja tu, na propani vilevile. Shida huanzia kwenye butani. Fomula C4H10 ina maumbo mawili: mnyororo ulionyooka wa kaboni nne, na mnyororo wa kaboni tatu wenye methili (tawi la kaboni moja, CH3) katikati, unaoitwa 2-methilipropani. Zote mbili huwekwa katika mitungi ya gesi ya kupikia pamoja na propani, lakini ni vitu viwili tofauti: butani huchemka kwenye nyuzijoto -0.5 za Selisiasi, na 2-methilipropani kwenye nyuzijoto -12 hivi. Kuanzia hapo maumbo huongezeka kwa kasi. Pentani zipo tatu, heksani tano, heptani tisa, oktani kumi na nane, na ukifika kwenye dekani, yenye kaboni kumi, yapo maumbo 75 yenye fomula moja.

Zamani wakemia waliyatofautisha maumbo haya kwa viambishi kama iso- na neo-, na nitakuonyesha mfano mmoja tu wa jinsi viambishi hivyo vilivyokwama. Iso- ilimaanisha mnyororo ulionyooka wenye methili moja kwenye kaboni ya pili kutoka mwisho. Kwa kufuata maana hiyo, isooktani ingepaswa kuwa 2-methiliheptani. Lakini katika biashara ya mafuta isooktani ni 2,2,4-trimethilipentani, ile iliyopewa alama 100 katika kipimo cha oktani cha petroli, kipimo ambacho mkemia Mmarekani Graham Edgar alikipendekeza katika miaka ya 1920 na ambamo heptani iliyonyooka imepewa alama 0. Neno moja, molekuli mbili. Na tofauti hizi si za kwenye karatasi tu. Oktani iliyonyooka huchemka karibu na nyuzijoto 126, 2,2,4-trimethilipentani huchemka kwenye 99, na ndugu yao 2,2,3,3-tetramethilibutani, mwenye fomula ileile ya C8H18, si kimiminika kabisa katika joto la kawaida la chumba: ni kitu kigumu kinachoyeyuka karibu na nyuzijoto 100. Mtu akikuagiza "C8H18" bila jina kamili, hujui umpe chupa ya kimiminika au mkebe wa chengachenga.

Kwa sababu kama hizo wakemia wa nchi kadhaa za Ulaya walikutana Geneva mwaka 1892, mwenyekiti wao akiwa Mfaransa Charles Friedel, wakakubaliana kwamba jina la haidrokaboni yenye matawi lijengwe juu ya mnyororo wake mrefu kuliko yote. Umoja wa kimataifa wa kemia unaosimamia majina hadi leo, IUPAC, uliundwa baadaye, mwaka 1919, na umeendelea kuzinyoosha kanuni hizo. Lakini msingi wa mnyororo mrefu haukuondolewa, na ndio uliokuangusha katika mchoro wa kwanza.

Tuutazame mchoro huo. Wewe uliona kaboni tano zimeandikwa kwenye mstari mmoja, ukaziita pentani, na C2H5 iliyofungiwa kwenye mabano ukaihesabu kuwa tawi. Ulichofuata ni mstari wa mwandishi, wala si mnyororo wa molekuli. Molekuli haijui ubao wala mstari. Mnyororo mkuu ni ile njia ndefu kuliko zote unayoweza kuipita kutoka kaboni moja ya mwisho hadi nyingine bila kurudia kaboni uliyokwisha kuikanyaga, hata kama njia hiyo inapinda, inashuka, inaingia kwenye mabano au inapita nyuma ya ukurasa.

Jambo hili huwa silielezi kwa maneno tu. Finyanga vidonge vinane vya udongo, kila kimoja ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, kisha chomoa njiti tatu nne kutoka kwenye ufagio wa chelewa uzikate vipande vya urefu wa pingili moja ya kidole. Vidonge ni kaboni, haidrojeni ziache. Unganisha vidonge vitano kwa mstari juu ya meza, kama mchoro wako ulivyo. Kwenye kidonge cha pili chomeka vidonge viwili vilivyounganishwa, ambavyo ndivyo ethili yako, na kwenye cha nne chomeka kimoja. Udongo ukiwa bado mbichi, acha kile kidonge cha kwanza cha mstari. Badala yake shika ncha ya ethili kwa mkono wa kushoto na kidonge cha tano kwa mkono wa kulia, kisha vuta taratibu. Utaona mstari wenyewe unanyooka upya: sasa kuna vidonge sita kati ya mikono yako, na kile ulichokiita kaboni ya kwanza kimebaki kuning'inia pembeni. Ndicho tawi, na ni methili. Ile nyingine iliyokuwa kwenye kaboni ya nne nayo bado ni methili. Kwa hiyo mnyororo ni heksani, na ukiuhesabu kutoka upande ulio karibu na tawi, matawi yako kwenye kaboni ya 2 na ya 4. Jina ni 2,4-dimethiliheksani.

Angalia kwamba kuhesabu kaboni kusingekuokoa hapa. Jina lako lilikuwa na 5 + 2 + 1, ambazo ni 8, na jina sahihi lina 6 + 2, ambazo pia ni 8. Hesabu ya kaboni hukuhakikishia kwamba hukuacha kaboni yoyote nyuma, nami ninakusihi uifanye kila mara; ila haikuambii kwamba umeshika mnyororo unaostahili.

Kwa hilo ipo njia nyingine ya kujikagua, na ni rahisi kuikumbuka kwa sababu ina mantiki. Tawi lililonyooka lenye kaboni mbili likikaa kwenye kaboni ya 2 ya mnyororo, upande wake wa nyuma mnyororo una kaboni moja tu, ilhali tawi lina mbili. Basi njia ya kupitia tawini ni ndefu zaidi, na ulichokiita tawi ndicho mwili. Ndiyo maana 2-ethili haiwezi kuwepo kabisa katika jina sahihi la alkani ya mnyororo, wala 1-methili, wala 3-propili. Namba ya mahali pa tawi lazima iizidi idadi ya kaboni zinazofuatana katika tawi hilo, na masharti hayo yanahusu ncha zote mbili za mnyororo. Ukijikuta umeandika 2-ethili, usifute namba. Rudi kwenye mchoro, mnyororo mrefu umekupita.

Kuna wakati njia mbili zinalingana urefu. Chukua CH3-CH(CH3)-CH(C2H5)-CH2-CH3. Ukipita moja kwa moja kwenye mstari unapata kaboni tano, na matawi mawili, methili na ethili. Unaweza pia kuanzia kwenye ncha ya ethili, ukapita kaboni ya katikati na kutokea mwisho wa kulia: nazo ni tano, lakini tawi ni moja tu, kubwa, lenye umbo la panda. Kanuni inasema uchague mnyororo wenye matawi mengi zaidi, kwa hiyo jina ni 3-ethili-2-methilipentani. Sababu yake ni nzuri: ukichukua matawi mengi, kila tawi linakuwa dogo na rahisi kulitaja, na unaepuka mabano ambayo tutayakuta katika mchoro wa tatu.

Sasa tuje kwenye mchoro wa pili, ambao ndio ulionifanya niandike jibu refu.

Mnyororo ni wa kaboni tisa, hilo ulilipata. Methili ziko tatu, hilo pia ulilipata. Ukihesabu kutoka kushoto, methili ziko kwenye 2, 7 na 7. Ukihesabu kutoka kulia, ziko kwenye 3, 3 na 8. Kanuni halisi inasema hivi: panga namba za kila upande kuanzia ndogo kwenda kubwa, kisha zilinganishe moja baada ya nyingine, ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, mahali pa kwanza zinapotofautiana, upande wenye namba ndogo ndio unaoshinda, na zinazofuata hazitazamwi tena. Ya kwanza kwa ya kwanza: 2 dhidi ya 3. Zimetofautiana, 2 ni ndogo, shauri limekwisha. Jina ni 2,7,7-trimethilinonani, na zile 7 mbili hazina la kusema.

Ni utaratibu uleule unaoutumia ukifungua kamusi. Neno "bweni" linatangulia neno "daa", ingawa herufi zinazofuata katika "daa" ni a tupu na zile za "bweni" ziko mbali zaidi katika alfabeti. Hakuna mtunga kamusi anayejumlisha herufi za neno ili kujua liwekwe wapi. Anatazama herufi ya kwanza inayotofautiana. Namba za matawi nazo hupangwa hivyo. Na kama za kwanza zinalingana, unasogea mbele: katika heksani yenye methili tatu, upande mmoja ukikupa 2,3,5 na mwingine 2,4,5, zile 2 zinalingana, ndipo 3 inapoishinda 4, na jina linakuwa 2,3,5-trimethiliheksani.

Swali linabaki: kwa nini kanuni ya jumla haikukuangusha mpaka leo? Ni kwa sababu mazoezi mengi ya mwanzo yana tawi moja au mawili, na alkani yenye tawi moja au mawili haiwezi kamwe kuzitofautisha kanuni hizo mbili. Hili unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa hesabu ya kidato cha pili. Chukua mnyororo wenye kaboni n, matawi yakiwa kwenye namba a na b, na a isiwe kubwa kuliko b. Ukigeuza upande wa kuhesabia, kila namba inakuwa n + 1 ukitoa namba ya zamani. Kwa hiyo namba ndogo ya upande wa pili ni n + 1 - b. Kusema kwamba a ni ndogo kuliko n + 1 - b ni sawa kabisa na kusema kwamba a + b ni ndogo kuliko n + 1. Jumla ya upande wa pili ni 2(n + 1) - (a + b), na kama a + b ni ndogo kuliko n + 1, jumla hiyo ya pili lazima iwe kubwa kuliko n + 1. Basi upande wenye namba ndogo ya kwanza ndio huohuo wenye jumla ndogo, daima, bila kubakiza hata mfano mmoja.

Matawi yakifika matatu, kifungo hicho kinakatika, kwa kuwa namba ya kwanza ya upande mmoja haiamui tena zilizo katikati zimekaa wapi. Wakati mwingine jumla inapingana na kanuni, kama ilivyokutokea. Wakati mwingine jumla haina jibu kabisa. Chora nonani yenye methili kwenye 2, 6 na 7, kisha uigeuze: utapata 3, 4 na 8. Jumla ya upande wa kwanza ni 15, na ya upande wa pili ni 15. Anayejumlisha atakwama hapo bila kujua aende wapi, au atachagua kwa kubahatisha, na watu wawili watatoka na majina mawili ya kitu kimoja. Anayelinganisha namba ya kwanza kwa ya kwanza anaona 2 dhidi ya 3 na anaandika 2,6,7-trimethilinonani bila kusita. Kanuni inayonyamaza mbele ya baadhi ya michoro haiwezi kubeba kazi ya kutoa jina moja kwa molekuli moja, na ndiyo sababu ninakuomba uifute katika daftari lako kwa kalamu, isije ikakurudia siku ya mtihani.

Jambo jingine la kuhesabu: namba hutazamwa kwa matawi yote kwa pamoja, bila kujali tawi lipi ni kubwa. Wanafunzi wengi huipa ethili heshima ya namba ndogo kwa kuwa ina kaboni nyingi kuliko methili. Hapana. Heptani yenye methili na ethili, ambayo upande mmoja inatoa 2 na 5 na upande mwingine 3 na 6, inahesabiwa kwa upande wa 2 na 5, hata kama hiyo 2 ni ya methili. Jina lake ni 5-ethili-2-methiliheptani. Alfabeti huamua upande wa kuhesabia pale tu namba zote zinapolingana pande zote mbili. Heptani yenye ethili na methili kwenye 3 na 5 inasomeka 3 na 5 kutoka kila upande. Hapo ndipo tawi linalotangulia kialfabeti hupewa namba ndogo, na jina linakuwa 3-ethili-5-methiliheptani.

Umeona basi kwamba alfabeti ina kazi mbili, na ni vizuri usizichanganye. Kazi ya kawaida ni kupanga matawi katika maandishi. Kazi ya nadra ni kuvunja sare ya namba. Katika kazi ya kupanga, viambishi vya idadi di-, tri- na tetra- havihesabiwi. Heksani yenye methili mbili kwenye 2 na ethili kwenye 4 huandikwa 4-ethili-2,2-dimethiliheksani, kwa sababu tunalinganisha e ya ethili na m ya methili. D ya di- haimo. Fikiria watu wanaoitwa kwa majina katika orodha ya shule: wakiwa ndugu wawili wa ukoo mmoja, huwapangi chini ya W eti kwa sababu ni wawili. Idadi ni habari ya ziada juu ya jina, si sehemu ya jina. Viambishi sek- na tert- navyo huachwa, lakini iso- huhesabiwa, kwa hiyo isopropili hupangwa chini ya i.

Hapa niongeze tahadhari kwa anayesoma kemia kwa lugha mbili, kama wewe. Alfabeti inayoamua ni ya tahajia ya kimataifa. Kwa methili, ethili, propili na butili hakuna tofauti yoyote, lakini utakapofika kwenye mada ya halojeni, tawi la klorini litapangwa chini ya C wala si K, na hivyo litaitangulia ethili. Kwenye karatasi ya mtihani -ani ya mwisho itakuwa -ane na -ili itakuwa -yl. Kuhusu alama, sitasema mengi: namba kwa namba hutenganishwa kwa koma, namba na herufi hutenganishwa kwa kistari, jina zima halina nafasi katikati, na kila tawi lina namba yake hata kama mawili yamekaa kwenye kaboni moja. Ndiyo maana ni 2,7,7. Ukiandika 2,7-trimethili, msomaji atauliza methili ya tatu iko wapi.

Tumalizie na mchoro uliouacha wazi. Mnyororo wa kaboni tisa umepewa tayari, ila kwanza tuukague: tawi la kaboni ya 5, ukilifuata mpaka ncha yake, lina kaboni tatu zinazofuatana, na mnyororo una kaboni nne kila upande wa kaboni hiyo, kwa hiyo hakuna njia ndefu zaidi inayopitia humo. Ethili iko kwenye 3 na haivunji sharti letu. Upande wa kuhesabia nao uko sawa, maana 3 na 5 zinazishinda 5 na 7. Tuna nonani, tuna 3-ethili, na tuna hilo tawi kwenye 5.

Tawi lenye matawi hupewa jina kana kwamba ni molekuli ndogo, kwa kanuni zilezile ulizokwisha kuzijua, ukiongeza moja: kaboni iliyoshikamana na mnyororo mkuu daima ndiyo namba 1 ya tawi, hakuna kuchagua upande. Kwa hiyo tembea kutoka shinani kwenda nje. Kaboni ya 1 ina methili, kaboni ya 2 ina methili, na kaboni ya 3 ndiyo ncha. Mnyororo wa tawi ni propili, matawi yake ni methili kwenye 1 na 2, na jina lake ni 1,2-dimethilipropili. Sasa funga jina hilo lote kwenye mabano ili namba zake za ndani zisichanganyike na namba za mnyororo mkuu, na mbele ya mabano weka 5, ambayo ndiyo anwani yake kwenye nonani. Tawi jepesi zaidi la aina hii utalikuta kwa majina matatu katika vitabu tofauti: isopropili, 1-methiliethili, na propani-2-ili, ambalo ndilo IUPAC inalolipendelea katika mapendekezo yake ya mwaka 2013. Yote ni kitu kimoja, usibabaike.

Katika kupanga alfabeti, tawi la kwenye mabano huhesabiwa kwa herufi ya kwanza ya jina lake zima, na hapa di- inahesabiwa. Hii si kuvunja kanuni tuliyoisema. Katika 4-ethili-2,2-dimethiliheksani, di- inahesabu matawi ya mnyororo mkuu, kwa hiyo iko nje ya jina la tawi; katika 1,2-dimethilipropili, di- imo ndani ya jina la tawi lenyewe, imezaliwa nalo. Basi d inaitangulia e, na jina kamili ni 5-(1,2-dimethilipropili)-3-ethilinonani. Hesabu kaboni: tisa za nonani, mbili za ethili, tatu za propili na mbili za methili zake, jumla 16; rudi kwenye mchoro uzihesabu, nazo ni 16, fomula C16H34.

Mabano hayo usiyaache hata kama una haraka. Methili mbili zilizo ndani yake ni za propili, si za nonani. Ukiyaondoa, yule msomaji wa Newala anaweza kuzichukua 1 na 2 kuwa namba za mnyororo mkuu na kuibandika methili moja kwenye kaboni ya kwanza ya nonani, mahali ambapo, kama vidonge vyako vya udongo vitakavyokuonyesha ukivivuta, hakuna tawi bali mnyororo uliorefuka kwa kaboni moja.